Swali la Gosego

Siku ambayo mwalimu, Rra Kelapile, alikuja amefunga tai, wanafunzi wa darasa la huduma za hoteli pale Maun walijua kwamba hakuna kupika wala kutandika vitanda. Ilikuwa siku ya kufanya mazoezi ya usaili. Tai ile nyekundu ikishamkaa shingoni, mzee yule mchangamfu aligeuka mtu mwingine kabisa, mwenye sauti nzito, asiyecheka. Meza tatu zilisogezwa zikaungana, zikatandikwa kitambaa cha buluu, na wanafunzi wawili au watatu wakaketi nyuma ya meza hizo pamoja na mwalimu kama jopo la wasaili. Kiti kimoja kikaachwa peke yake katikati ya sakafu. Kiti hicho ndicho kilichokuwa kikimtoa Gosego jasho.

Si kwamba Gosego hakujua kazi. Hapo chuoni hakuna aliyemfikia. Alibeba sahani tano kwa mkono mmoja bila kumwaga mchuzi, alitandika kitanda shuka ikakaa kama imepigwa pasi juu yake, na kwenye mitihani jina lake lilikuwa la kwanza kila mara. Lakini ukimkalisha kwenye kile kiti, maneno yote aliyoyakariri yalimtoka mfululizo, bila kupumua, kama mtoto anayeogopa kusahau alichotumwa dukani.

"Udhaifu wako ni upi, mma?" Rra Kelapile alimuuliza siku moja; kwao mma ni bibi na rra ni bwana.

"Udhaifu wangu, rra, ni kwamba najituma kupita kiasi."

Oduetse, kijana aliyekuwa na mzaha wa kutosha darasa zima, akapiga meza. "Ai! Mma, huo udhaifu niazime basi, japo kwa wiki moja. Mama yangu atachinja mbuzi."

Darasa likaangua kicheko. Gosego naye akajilazimisha kucheka, huku uso ukimwaka.

Kisha akaitwa Seipone. Aliingia akiwa kama anaingia kwa shangazi yake, akasalimia, akaketi, akauweka mkono wake juu ya goti. Akaulizwa swali lile lile.

"Udhaifu wangu ni kuamka, rra. Nikilala nimelala. Kwa hiyo simu naiweka mbali, juu ya kabati, ili ikilia nilazimike kuinuka niifuate. Ila mwenye hasara ni Gosego, maana ikilia anaamka yeye kwanza."

Hata Rra Kelapile alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akailegeza tai. "Mmemsikia? Huyu anaongea na watu. Hakariri. Mnaona tofauti?" Akasema hivyo huku akimtazama Gosego, bila ubaya wowote, kwa upole kabisa, na ule upole ndio uliomchoma.

Walikuwa wakiishi chumba kimoja, Gosego na Seipone, katika nyumba ya kupanga kule mtaa wa Boseja. Seipone alikuja kutoka kijiji cha Gumare muhula ukiwa umeshaanza, hana pa kukaa, na Gosego ndiye aliyesema, "Njoo kwangu, tutagawana kodi." Ndiye aliyemfundisha kukunja leso za mezani, kupanga visu na uma, kusoma orodha ya mvinyo ambao wote wawili hawakuwahi kuuonja. Wakati huo alimpenda. Alipenda kwamba kuna mtu anayemhitaji.

Lakini Seipone hakukaa muda mrefu akimhitaji. Kila alikopita aliacha watu wakitabasamu. Mama mwenye nyumba, ambaye Gosego alikuwa akimlipa kwa wakati tangu alipohamia na hakuwahi hata kuulizwa habari ya kwao, alianza kumwita Seipone barazani wanywe chai. Na shangazi yake Gosego, aliyemlea tangu akiwa mtoto kwa kukaanga magwinya, maandazi ya kwao, pale stendi, siku moja alimpokea kwa swali: "Yule mwenzako mcheshi umemwacha wapi? Nilimwekea haya ya moto."

"Mimi je, shangazi?"

"Wewe si wa hapa hapa? Chukua hayo ya kwenye beseni."

Gosego aliyala yale ya kwenye beseni, yamepoa.

Ndipo Rra Kelapile akaja na habari. Kambi moja kubwa ya watalii, huko ndani kwenye visiwa vya delta, ilitaka mtu wa mapokezi. Watu wake wangefika chuoni Ijumaa kufanya usaili, na wangechukua mmoja tu. Darasani kukawa na mnong'ono, na Gosego akasikia kwa masikio yake mwenyewe msichana wa nyuma akisema, "Mnajisumbua bure. Hiyo ya Seipone."

Jioni Seipone alimwambia, akiwa anamenya viazi, "Nina hofu, mwenzangu. Hebu niulize maswali."

"Wewe una hofu gani? Wewe si unapendwa na kila mtu?"

Seipone akainua uso. "Mbona unasema kama unanitukana?"

"Nimechoka tu," Gosego akasema, akageukia ukutani.

Kulikuwa na jambo ambalo Gosego peke yake pale chuoni ndiye aliyelijua. Wakati wa baridi, wakifua sare zao bombani, Seipone alimsimulia. Kabla ya kuja Maun aliwahi kufanya kazi katika nyumba ya wageni huko Gumare. Dada yake alikuwa ameolewa na mwanamume mwenye ngumi. Ikafika siku dada yule akaja amevimba jicho, ana mtoto mgongoni, na kwao hakuna pa kumficha, maana mume alipajua. Seipone akachukua ufunguo wa chumba kilichokuwa kitupu, akawalaza humo kwa siri. Walikaa mpaka mwenye nyumba ile ya wageni alipowafumania. Alimfukuza Seipone mbele ya wageni, akamwita mwizi. Kwa hiyo alipojaza fomu ya kuingia chuoni aliandika kwamba hajawahi kuajiriwa popote, na baadaye hata kwenye barua ya kuomba kazi ya kambini akaandika hivyo hivyo.

"Usimwambie mtu," alisema pale bombani, mikono imejaa povu.

"Nimwambie nani?" Gosego alimjibu, na siku ile alimaanisha.

Alhamisi Rra Kelapile alivaa tai. Alisema hayo ndiyo mazoezi ya mwisho, na kwamba jopo liwe la watu wasio na huruma. "Ulizeni maswali magumu. Kesho hawatakuja kuwabembeleza." Upande mmoja akamweka Oduetse, upande wa pili Gosego, yeye akakaa katikati.

Seipone akaingia, akasalimia, akaketi. Oduetse akamuuliza angefanya nini mgeni akidai amemwona simba bafuni. Seipone akajibu, "Kwanza ningemuuliza kama simba amejiandikisha mapokezi." Watu wakacheka. Rra Kelapile akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamgeukia Gosego. "Zamu yako, mma."

Gosego alikuwa ameandaa swali kuhusu kupokea simu. Aliapa baadaye moyoni mwake kwamba alikuwa nalo ulimini. Lakini alimwona Seipone amekaa pale, bado anatabasamu kwa kile kicheko walichompa, amestarehe kwenye kiti kile ambacho yeye kilimtesa, na lile swali la simu akaliacha.

"Je, uliwahi kufanya kazi mahali popote kabla ya kuja chuoni?"

Tabasamu la Seipone halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kidogo, kama limesahauliwa. "Hapana, mma."

"Hapana kabisa?"

"Sijawahi."

"Hata Gumare?"

Seipone alimtazama. Alimtazama kama mtu anayejaribu kumkumbuka mtu aliyewahi kumjua. Midomo yake ilifunguka, na kwa mara ya kwanza tangu aje chuoni hapakutoka neno. Kisha akasimama, akakirudisha kiti mahali pake polepole, akatoka nje.

"Kumekucha," Oduetse alisema kwa sauti ya chini, na hakuna aliyecheka.

Gosego alihisi raha. Hilo lazima lisemwe. Raha ilimjaa kifuani kama maji baridi kwa mwenye kiu, na kwa muda mfupi alikaa pale nyuma ya kitambaa cha buluu akijiona mrefu. Kisha akagundua kwamba wenzake wote wanamtazama yeye, si mlango.

Walipotawanyika Rra Kelapile alimzuia. Alikuwa ameshavua tai, ameikunja mkononi.

"Kuna nini Gumare?"

"Sijui, rra. Wewe mwenyewe ulisema tuulize maswali magumu."

"Nilisema magumu." Akaitia tai mfukoni. "Nimefanya kazi hotelini miaka mingi, mwanangu. Namjua mtu anayetaka jibu na namjua mtu anayetaka kuona mwenzake akianguka. Nenda nyumbani."

Nyumbani Seipone hakupiga kelele. Gosego alikuwa amejiandaa kwa kelele. Alikuwa ameshapanga jinsi atakavyojitetea: kwamba ni mazoezi tu, kwamba wasaili wenyewe wangeweza kuuliza. Seipone alikuwa amekaa kitandani akishona kifungo cha blauzi yake ya kesho. Alipika chakula cha mtu mmoja, akala, akaosha sahani moja.

"Seipone."

"Usiniongeleshe."

"Nilikuwa—"

"Nimesema usiniongeleshe, Gosego. Tafadhali."

Ijumaa kulikuwa na joto la Oktoba, lile la kabla ya mvua, na madirisha yote ya darasa yalikuwa wazi. Wasaili walikuwa watatu, wanaume wawili na mama mmoja mnene aliyeitwa Mma Setlhare, meneja wa kambi mwenyewe, ambaye alikuwa akijipepea kwa jalada la karatasi. Waliosubiri zamu walikaa nje kwenye benchi chini ya dirisha. Gosego alikuwa anafuata baada ya Seipone, kwa hiyo alisikia kila neno.

Alimsikia Seipone akisalimia. Hakusikia mzaha. Alimsikia Mma Setlhare akisema, "Hapa umeandika hujawahi kufanya kazi popote."

Gosego akabana magoti yake kwa mikono.

"Niliandika uongo, mma. Naomba niurekebishe."

Akaeleza yote, taratibu, bila kulia. Chumba, ufunguo, dada yake, mtoto, jinsi alivyofukuzwa. Hakusema alionewa. Alisema, "Chumba hakikuwa changu. Nilipaswa kuomba, nikaogopa kunyimwa."

"Na dada yako akija kubisha hodi kambini kwangu, akiwa amevimba jicho?"

"Nitakuja kubisha hodi kwako, mma. Hata kama umelala nitakuamsha."

Sauti ya lile jalada likipepea ilikatika. Na Gosego, pale nje kwenye benchi, mtu aliyemtia mwenzake kidonda hadharani, alipaswa kuona aibu. Aliiona. Lakini juu ya ile aibu ulikaa wivu, mzima, haujapungua hata kidogo. Jibu lile lilikuwa zuri. Yeye asingelipata hata angepewa mwaka mzima wa kulitafuta.

Seipone akatoka, akapita mbele yake bila kugeuka. Gosego akaitwa.

Alikaa. Maswali ya kazi aliyajibu vizuri, na mwanaume mmoja akaandika kitu kwa haraka. Kisha Mma Setlhare akasema, "Tueleze siku uliyokosana na mwenzako mnayefanya naye kazi."

"Ninaamini katika ushirikiano, mma. Ushirikiano ndio msingi wa—"

Mama yule akainua kiganja. "Mwanangu, joto kali, na hiyo nimeisikia tangu asubuhi. Nieleze kitu kilichotokea."

Gosego akafungua mdomo, na kile alichokikariri hakikuwepo. Alijisikia anasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya darasani, "Jana nilimuuliza mwenzangu swali mbele ya watu. Nilijua litamuumiza. Alikuwa ameniambia siri yake, nikaitumia."

"Kwa nini?"

"Nilimwonea wivu, mma. Anajua kuongea. Watu wanampenda haraka. Mimi najua kazi kumzidi, lakini hakuna anayeniona."

"Mwenzako gani?"

"Huyo aliyetoka sasa hivi."

Mwanaume aliyekuwa akiandika akaweka kalamu chini. Mma Setlhare aliegemea kiti, kisha akauliza jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kumfundisha kulijibu.

"Unaishi naye?"

"Ndiyo, mma."

"Basi niambie wewe. Nikimpa funguo za vyumba vyangu, nitalala usingizi?"

Jibu lilikuja lenyewe, limeshaiva: Sina uhakika, mma. Maneno hayo tu. Wala yasingekuwa uongo mkubwa. Nani ana uhakika na mwenzake? Angeyasema kwa heshima, macho chini, na kazi ile ingetoka mikononi mwa Seipone bila yeye kumsukuma. Labda ingeangukia mikononi mwake. Aliyahisi maneno yale nyuma ya meno, laini, tayari kutoka. Alimwona Seipone akirudi Gumare na begi lake. Aliona barazani kwa mama mwenye nyumba pakiwa patupu. Na kwa kweli kabisa, alitamani.

"Mpe, mma," alisema. "Sijawahi kumwona akigusa kisicho chake. Mpaka leo yeye humtumia yule mtoto wa dada yake chakula, kabla mwenyewe hajala. Mpe funguo."

"Kwa hiyo wivu umekwisha?"

"Hapana, mma. Upo hapa hapa ninavyozungumza."

Mwanaume mmoja akacheka kwa ghafla, akajikohoza. Mma Setlhare hakucheka. "Ahsante, mwanangu. Unaweza kwenda."

Baada ya wiki majibu yakaja. Walimchukua Seipone. Rra Kelapile alilisoma jina lake darasani na watu wakapiga vigelegele, Oduetse akaruka juu ya kiti akicheza. Gosego alipiga makofi pamoja nao. Viganja vilimuuma.

Siku ya kuondoka gari la kambi lilikuja kumchukua Seipone nyumbani, kumpeleka uwanja wa ndege. Alikuwa amevaa shati jipya la kijani lenye alama ya kambi kifuani, na lilimpendeza. Tangu ile Alhamisi walikuwa wameongea mambo ya maji na kodi tu. Sasa alisimama mlangoni, begi miguuni.

"Ungeniuliza lile swali tukiwa wawili humu ndani," alisema, "ningekushukuru. Maana lilinisaidia. Usiku kucha nililifikiria, na kesho yake nikawa na cha kusema. Lakini mbele ya Oduetse? Mbele ya watu wote wale? Gosego, nilikufanyia nini?"

"Hukunifanyia kitu. Nilikuonea wivu."

"Najua ulinionea wivu. Ulidhani unaficha? Ukinuna unanuna mpaka mgongo."

Gosego nusura acheke, lakini uso wa Seipone haukumruhusu. "Naomba unisamehe."

"Sijafika huko bado," alisema Seipone. "Nisaidie hilo begi."

Gosego akalibeba begi mpaka kwenye gari. Lilikuwa zito. Njiani yale aliyoyasema mbele ya Mma Setlhare yalimjaa mdomoni. Alitamani kuyatoa: nilikutetea, mimi ndiye niliyesema upewe funguo, muulize meneja wako. Aliona jinsi uso wa Seipone ungelegea. Lakini alijijua. Asingeyasema ili kumfariji Seipone. Angeyasema ili apewe sifa, na alikwisha kumnyang'anya mwenzake vya kutosha. Akaliweka begi nyuma ya gari, akafunga mlango.

"Kula vizuri huko," alisema.

"Na wewe jaribu kucheka," Seipone akamjibu kupitia dirishani, na hiyo ingeweza kuwa kejeli au wosia. Gari likaondoka, likaacha vumbi.

Mvua zilipoanza, hoteli moja ya pale mjini ilitafuta mtu wa kuhudumia chakula cha asubuhi. Gosego akaenda kwenye usaili. Walipomuuliza alitulia kwanza, akafikiri, ndipo akajibu, na wakamwajiri. Seipone alituma salamu kupitia kwa shangazi, kisha baada ya muda akatuma picha ya machweo juu ya maji, bila maneno. Gosego aliitazama kwa muda mrefu. Roho ilimuuma kidogo, na wakati huo huo akafurahi kwamba ametumiwa yeye.

Kodi ya chumba ilimwelemea peke yake, ikabidi atafute mwenzake mpya. Wasichana wawili walikuja kukiangalia. Mmoja alimchekesha mama mwenye nyumba kabla hata hajavuka geti. Wa pili alisalimia, akauliza bomba liko wapi, akanyamaza. Gosego alimchukua yule mkimya, na hakujidanganya kuhusu sababu.